Nusu ya Mstari Ilibaki kwenye Printa

Mama yule aliingia dukani na kikapu cha vitambaa vilivyofungwa mafundo, akaanza kuvipanga juu ya kaunta kimoja kimoja bila hata kunitazama. Nilidhani ameleta viungo vya kuuza.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye unayechora mistari kwenye kompyuta?”

“Mistari gani, mama?”

“Ile ya kupanda na kushuka.”

Nikacheka, nikamwambia ndiyo mimi. Ukweli ni kwamba grafu nilikuwa nimechora chache sana tangu nianze kazi, zote za walimu, na moja mwalimu aliirudisha amenuna. Lakini ndivyo nilivyo. Mtu akiniuliza kama naweza kitu, mdomo unajibu kabla kichwa hakijaamka.

Steshenari yetu iko Runazi, kwenye mstari wa maduka, katikati ya fundi cherehani na duka la mbegu. Tunatoa kopi, tunapiga picha za pasipoti, tunaandika barua za maombi ya kazi na kadi za harusi. Kidato cha nne nilimaliza, ila mtu akiuliza matokeo huwa namuuliza habari za nyumbani kwake. Kompyuta nilijifunzia palepale kaunta, kwa kubonyeza na kurudisha, kubonyeza na kurudisha. Na nilikuwa na ndoto zangu: duka langu mwenyewe, mlango wa kioo, kiti cha kuzunguka, na printa ya rangi. Hasa hiyo printa ya rangi. Kuna siku nilikuwa naiota kama wenzangu wanavyoota wachumba.

Siku hiyo bosi alikuwa amekwenda Biharamulo mjini kufuata wino. Nilikuwa peke yangu.

Mama akaeleza. Kikundi chao cha wanawake, wakulima wa migomba, kilikuwa kinaitwa kwenye kamati ya kata, kata ya jirani, alasiri hiyohiyo. Mnyauko ulikuwa umeingia mashambani mwao mwaka uliopita. Anayeujua ugonjwa huo hahitaji kuelezwa: majani yanalegea kama yamemwagiwa maji ya moto, mkungu unaiva kabla ya wakati, na ukikata ndizi ndani imekuwa rangi ya kutu. Ukitumia panga lilelile kwa mgomba wa pili, umeshauambukiza. Majirani walikuwa wamelalamika. Na kamati ilikuwa na jambo moja tu la kuamua: kama ugonjwa unapanda, migomba yote ya kitongoji chao ing'olewe kabla ya mvua, mizima na mibovu. Kama unashuka, waachwe waendelee kung'oa mashina yanayougua tu.

“Shamba langu ndilo litaanza,” akasema. “Ndilo kubwa na liko njiani.”

“Pole, mama.”

“Machipukizi nilitoka nayo Kanazi nilipoolewa. Mama yangu aliyachimba mwenyewe, akayafunga kwa majani, akanitwisha. Sasa hivi hayupo.” Akanyoosha kitambaa kimojawapo ingawa kilikuwa kimeshanyooka. “Wengine wana picha za mama zao ukutani. Mimi nina ile migomba.”

Mimi machozi yangu yako karibu. Nikajifanya natafuta kalamu chini ya kaunta.

Afisa ugani ndiye aliyewashauri: leteni chati, wajumbe waone kwa macho. Kwa hiyo amekuja na vitambaa. Kila kitambaa kilikuwa mwezi. Kila Jumapili baada ya ibada wanawake wale walikaa nje ya kanisa, na kila mmoja akadondosha harage moja kwa kila shina aliloling'oa kwa ugonjwa wiki ile, na punje moja ya mahindi kwa kila mkungu uliokomaa salama. Mwanakikundi mmoja ni Muislamu. Yeye maharage yake alikuwa anayapitisha kwa jirani Jumamosi. Mwezi ukiisha, wanafunga fundo.

“Kwa nini hamkuandika tu, mama?”

“Tuliandika mwanzoni. Mwandishi akawa anawapunguzia mashoga zake ili wasionekane wachafu. Tukasema basi, maharage. Yakidondoka kila mtu anaona.”

Tukaanza kuhesabu. Yeye anafungua fundo, mimi nahesabu, naingiza kwenye kompyuta, yeye anafunga tena. Hata kabla sijachora chochote nilikuwa nimeshaona kwa mikono yangu. Vitambaa vya Oktoba na Novemba vilikuwa vyepesi. Vya Machi na Aprili vilijaa maharage mpaka fundo lilikuwa gumu kufunguka. Halafu Mei vikaanza kulegea, na cha Agosti kilikuwa karibu mahindi matupu.

Nikateua tarakimu, nikabonyeza chati, na mistari ikaruka kwenye kioo: mwekundu wa maharage, wa kijani wa mahindi. Mwekundu ulipanda kama mlima, ukafika kileleni, ukaporomoka. Mama akasogea karibu hadi pumzi yake ikagusa kioo.

“Ndiyo hiyo,” akanong'ona. “Ndiyo hiyo kabisa. Toa.”

Nikatoa. Na hapo ndipo shida ilipoanza, maana printa yetu haijui rangi. Mistari yote miwili ilitoka kijivu, imepishana katikati kama nyoka wawili wamelala pamoja. Huwezi kujua upi ugonjwa, upi uzima.

“Sasa hapa mgonjwa ni nani?” mama akauliza.

Nikabonyeza huku na kule, jasho linanitoka. Mwishowe nikakuta mahali pa kuweka alama juu ya mstari. Ule wa maharage nikauwekea viduara vyeusi, ule wa mahindi vipembetatu vyeupe. Nikaandika pembeni: duara ni shina lililoumwa, pembetatu ni mkungu mzima. Nikatoa tena.

“Hapo sawa,” akasema, anaishika karatasi mbali kisha karibu. “Lakini ikuze. Mle ndani kuna wazee, na miwani wanaazimana.”

Nje, bodaboda aliyemleta akapiga honi.

“Nakuja!” mama akampigia kelele. Kwangu akasema, “Harakisha, mwanangu, tuna mwendo.”

Nikaivuta ile chati kwa kona yake ikanenepa, maandishi yakawa makubwa, mazuri. Taa ya dukani ikayumba. Umeme wetu ukiyumba hivyo, mara nyingi unafuatia kuondoka, na kompyuta yetu haina betri. Nikahifadhi haraka. Nikaihifadhi na kama picha pia, nikairusha kwenye simu yangu, kwa woga tu. Halafu nikabonyeza kuprinti bila kuangalia kwanza jinsi itakavyokaa kwenye karatasi. Printa ikanguruma, ikatoa ukurasa. Ndio uliokuwa wa mwisho kwenye trei. Kijitaa cha rangi ya chungwa kikaanza kupepesa, nami nikasema moyoni, karatasi zimeisha, nitaongeza.

Honi tena, ndefu. Mama akaukunja ukurasa kwa uangalifu, akauingiza kifuani, akakimbia. Vitambaa vyake vyote vikabaki kwenye kaunta.

Nikavirudisha kikapuni, nikavisukuma pembeni. Akaingia mbaba mmoja mwenye koti, anataka kopi za kitambulisho. Nikafungua rimu mpya, nikajaza trei, na kabla sijagusa hata kitufe printa ikanguruma yenyewe na kutema karatasi.

Nilikaribia kuitupa. Nikaigeuza.

Ilikuwa na mstari wa viduara unaoshuka. Mei. Juni. Julai. Agosti. Chini kabisa.

Nilisimama pale, karatasi mkononi. Nilipoikuza chati ilizidi upana wa karatasi, kompyuta ikaikata vipande viwili, na kile cha pili kilikuwa kinasubiri karatasi. Mama alikuwa ameondoka na kipande cha kwanza. Kile kilichoanzia Oktoba na kuishia Aprili. Mlima unaopanda tu, unaopanda hadi ukingoni, bila kushuka. Alikuwa amebeba kifuani, kwa mikono yake mwenyewe, ushahidi wa kung'olewa migomba yake.

“Dada, kopi zangu,” akasema mwenye koti.

Namba yake alikuwa amenitajia wakati tunahesabu; nikapiga. Haipatikani. Nikapiga tena. Mama ana simu ya kitochi, yuko juu ya pikipiki, na hata angepokea ingesaidia nini? Picha ninayo kwenye simu yangu, lakini kitochi hakipokei picha.

“Baba, naomba unisaidie jambo,” nikasema. “Nilindie duka.”

“Nani? Mimi?”

“Kalamu ziko pale, madaftari yale. Mtu akitaka kopi mwambie asubiri.”

“Na mimi ninayetaka kopi nimwambie nani?”

Nilikuwa nimeshatoka. Karatasi nimeiingiza ndani ya blauzi, kikapu cha vitambaa mkononi. Kwa nini nilichukua kikapu sijui. Niliona tu si vizuri kibaki.

Pale kijiweni alikuwepo bodaboda mmoja, kijana wa Kisukuma ambaye kwao walihamia huku na ng'ombe wao kutoka Shinyanga, na ambaye kila siku ananitania kwamba atanioa akipata mahari ya kutosha kumnyamazisha bosi wangu.

“Ofisi ya kata ile ya pili. Kimbiza.”

“Umeibiwa?”

“Nimesahau nusu ya karatasi.”

Akanitazama. “Nusu ya karatasi! Nikadhani umeacha mtoto hospitali.”

“Twende, jamani!”

Tukaenda. Kiangazi kilikuwa kimekausha kila kitu, vumbi jekundu linatufuata na lingine la malori tunalifuata sisi. Nilibana mkono kifuani ili upepo usiichukue ile karatasi, na kichwani nilikuwa napiga hesabu za kitoto: kama wameanza na sala, halafu utambulisho, halafu mwenyekiti akaongea sana kama wenyeviti wanavyoongea, huenda hawajamfikia. Nikaomba mwenyekiti awe mtu wa maneno mengi. Sijawahi kuomba hivyo, wala sitarajii kuomba tena.

Kwenye bonde tukakuta barabara imejaa ng'ombe, pembe tupu, toka ukingo hadi ukingo. Bodaboda akazima pikipiki.

“Mbona unazima?”

“Ukipiga honi hapa, hawa wanatawanyika mpaka kesho.” Akapaza sauti kwa mchungaji kwa Kisukuma, wakasalimiana kwa utulivu wao wote, wakaulizana habari za malisho, za maji, za shangazi wa nani sijui. Nilitaka kulia. Nilimpiga ngumi mgongoni.

“Tulia wewe. Salamu ndiyo inafungua njia.”

Kweli mchungaji akapiga mluzi, kundi likajivuta upande mmoja taratibu, tukapita katikati ya mikia.

Ofisi ya kata ilikuwa na milango wazi kwa ajili ya joto. Nikaisikia sauti kabla sijashuka.

“…sisi hatuna ugomvi na nyinyi, akina mama. Lakini hii karatasi mmeileta wenyewe. Duara ni shina lililoumwa, mmeandika. Na viduara vinakwenda wapi? Vinapanda. Mpaka mwisho wa karatasi vinapanda.”

Nilifika mlangoni. Wajumbe walikaa kwenye mabenchi, mwenyekiti mezani, amenyanyua ukurasa wangu juu ili wote waone. Ulionekana vizuri sana. Nilikuwa nimeukuza vizuri sana. Afisa ugani, kijana aliyevaa buti, alikuwa amekunja uso anauangalia kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka mwenyewe. Na mama alikuwa amesimama mbele yao, mikono imekosa pa kukaa. Aligeuka aliposikia hatua, akaniona.

Yale macho bado ninayo. Hayakuwa ya hasira. Alikuwa ananiuliza amenikosea nini.

“Shikamooni,” nikasema. “Samahanini. Hiyo karatasi haijaisha.”

“Wewe ni nani?”

“Mimi ndiye niliyeitoa. Wa steshenari. Iko nyingine.”

Mjumbe mmoja akacheka. “Karatasi ya pili imezaliwa njiani?”

Wakacheka na wengine. Nikatoa ukurasa kwenye blauzi, umelowa jasho pembeni, nikampelekea mwenyekiti kwa mikono miwili. Akauangalia. Akauangalia ule wa kwanza.

“Binti,” akasema, “sisi hapa tumeshasoma. Sasa wewe unakuja na karatasi inayosema kinyume chake. Nikuamini vipi? Kompyuta si mnachora mnachotaka?”

“Nina picha yake nzima kwenye simu, mzee. Haijakatwa.”

“Simu ni mambo ya vijana. Sisi tunaweka karatasi kwenye faili.”

Afisa ugani akainuka. “Mwenyekiti, tuziunganishe kwanza.”

Akaziweka mezani, ubavu kwa ubavu. Viduara vya kwanza vikapanda, vya pili vikashuka, lakini katikati, pale karatasi mbili zilipokutana, kulibaki mwanya mweupe. Printa haichapi hadi ukingoni. Mstari ulipanda, ukapotea, ukatokea upande wa pili umeshaanza kushuka.

Mwenyekiti akaweka kidole palepale. “Na hapa? Hapa mmeficha nini?”

“Hapo ni ukingo tu wa karatasi, mzee,” nikasema. “Hakuna kilichopotea. Ni Aprili kwenda Mei.”

“Aprili kwenda Mei,” akarudia, kama hakimu.

Mama alikuwa ameshaona kikapu mkononi mwangu. Akanijia, akakichukua bila kuniuliza, akatafuta kwa vidole, akatoa vitambaa viwili. Akavifungua mezani, kimoja kila upande wa ule mwanya. Maharage ya Aprili yalimwagika hadi mengine yakaanguka sakafuni. Ya Mei yalikuwa nusu yake, yamechanganyika na mahindi.

“Hapo katikati, mzee,” akasema, “ndipo tulipong'oa hata migomba mizima. Upande mzima wa kisimani niling'oa mwenyewe, na jembe, hakuna aliyenilazimisha. Mashina ya mama yangu. Nilikuwa nakata, nachoma panga kwenye moto, nakata lingine, nachoma tena. Kama unauliza nimeficha nini hapo, nimeficha kilio. Maharage haya hapa, hesabuni.”

Mjumbe yuleyule wa utani akainama, akaanza kuokota maharage yaliyoanguka, moja moja, akayarudisha mezani.

Na wakahesabu kweli. Afisa ugani alifungua vitambaa vyote, akalinganisha na viduara, mwezi kwa mwezi, nami moyo ukawa unasimama kwenye kila mwezi, maana sasa nilikumbuka jinsi nilivyoingiza zile tarakimu bila kuzirudia hata mara moja. Julai alihesabu mara mbili. Nilishika ukuta. Halafu akatikisa kichwa kukubali, akaendelea na Agosti.

Uamuzi haukuwa wa shangwe. Mstari wa migomba iliyopakana na jirani, ule wa juu njiani, utang'olewa wote, ili jirani alale. Mingine itaachwa msimu huu wa mvua. Kila mwisho wa mwezi kikundi kitaleta chati, na siku viduara vikianza kupanda tena, hakutakuwa na kikao kingine. “Na iwe kwenye karatasi moja,” mwenyekiti akaongeza, ananitazama mimi.

Nje mama alikaa chini ya ukuta, akanyoosha miguu. Nikakaa karibu yake.

“Walipoinyanyua ile karatasi,” akasema, “nilisema huyu mtoto ameniuza.”

“Mama, mimi…”

“Halafu nikakuona mlangoni, vumbi mpaka kwenye kope, na kikapu changu.” Akaguna, karibu acheke. “Nikasema, anayeuza mtu hambebei maharage yake.”

Nikalia basi. Yeye akanifuta kwa kitambaa cha Novemba.

Dukani nilimkuta mwenye koti bado yupo, amekaa kwenye kiti changu. Alikuwa ameuza kalamu na madaftari, hela amezipanga juu ya kaunta, na kuna wateja wawili aliowaambia wasubiri, wakasubiri. “Bosi wako alipita,” akaniambia. “Nimemwambia umekwenda msibani. Sasa kopi zangu.”

Mama huja kila mwezi unapoisha, na kitambaa kimoja tu. Ile njia ya kuilazimisha chati ikae kwenye ukurasa mmoja nimeshaijua, na ya kamati huwa naitoa hivyo. Lakini ya kwake mwenyewe, ya kubandika nyumbani, ameikataa hiyo ndogo. Anataka kubwa, ile ya karatasi mbili. Namuunganishia kwa selotepu, yeye anasimama pembeni kuhakikisha sizibani sana, ule mwanya mweupe ubaki. Akishaipokea hupitisha kidole juu ya viduara, anapanda navyo, anafika kwenye mwanya, anatulia kidogo, kisha anaendelea upande wa pili.